Upande Aliotafunia Odhiambo

Lavington, Nairobi

Kwa shemeji yangu Bhoke, mwenye ulimi wa wembe na ugali wa kuvunja jembe,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu nausalimu mgongo wako, maana najua huo ndio unaolalamika kukushinda. Umeamkaje? Mihogo ilikauka kabla ya mvua? Yule jogoo wako mwendawazimu bado anawika saa ya chakula cha mchana, au mlishamla mkanisahau? Mimi hapa niko. Sisemi ni mzima, kwa sababu magoti yananisaliti na meno ya juu yanahama mojamoja, yanawafuata wenzao wa chini waliotangulia. Lakini napumua na uji unapita, kwa hivyo usianze kugawa mashati yangu.

Tafadhali usichukue peni nyekundu. Najua ulisoma ng'ambo ya mpaka, kule Tanzania, ukamwagiwa Kiswahili kichwani kama maji ya ubatizo. Mimi darasa la nne lilinitosha, au mimi ndiye nililitosha, mwalimu ndiye alijua. Hiki changu nimekiokota Nairobi, kwenye mageti na vioski, na kama kuna neno limevunjika mguu wewe lipitie pembeni. Kijaluo chako nacho baada ya hii miaka yote bado kinachekesha mbuzi, kwa hivyo tuendelee na hiki hiki ambacho tumeteta nacho tangu ndugu yangu akulete nyumbani.

Utauliza, huyu mzee amepatwa na nini, barua ya nini na simu iko? Simu yako ikilia, Mzee Omolo, mkubwa wa ukoo, anasema weka spika, na boma lote linakaa chini kusikiliza kama matangazo ya vifo kwenye redio. Hili neno nataka lifike kwako peke yako kwanza. Nimetembea mpaka Hurlingham kununua karatasi na bahasha, na nitaipeleka mimi mwenyewe ofisi ya basi. Isome ukiwa umeketi, mlango umefungwa, na huyo jogoo nje.

Kwanza nikwambie kazi ninayofanya, maana usipoielewa hiyo hutaelewa yale mengine. Huko mnajua mimi ni mtu wa bustani. Ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine niliwaficha kwa sababu mngenikataza kugusa sufuria zenu nikija Desemba. Mwenye nyumba hii, Daktari Njeri, alikuwa anafundisha chuo kikuu. Sasa amestaafu na anaandika kitabu cha mataya ya tumbili. Usicheke bado. Anataka kujua ni kwa nini mataya ya wanyama wa kundi moja, wanaokula matunda ya mti mmoja, hayafanani. Na mtu wa kumletea hayo mataya ni mimi.

Hapa Lavington tumbili wamejaa, na wale weusi wakubwa, kima. Wanapita juu ya kuta, wanaingia jikoni kwa watu wanachukua mkate, wanakaa juu ya gari kuula huku wanakutazama machoni. Wengine wanashikwa na waya za stima, wengine gari linawagonga. Masoja wa mageti yote wananijua. Mmoja akianguka napigiwa simu: "Mzee, jamaa yako amefariki huku." Nami nawauliza kama wameshaunda kamati ya mazishi. Namtia ndani ya gunia la wavu pamoja na kibati chenye namba, namzika nyuma ya migomba. Udongo na wadudu wakimaliza yao, namfukua, namwosha kwa mswaki na sabuni ya unga, naanika mifupa kivulini. Ndiyo, shemeji. Mimi, mtoto wa watu ambao kaburi likishafunikwa haliguswi, kazi yangu ni kufukua. Nikifa mtanilaza sehemu gani ya boma, hilo mtajua wenyewe.

Taya la chini halijashikana na fuvu. Nyama ikiisha linaachana nalo, linabaki mkononi kama mpini bila jembe. Mimi nilidhani tumbili ni tumbili, ukiona mmoja umewaona wote. Wapi. Huyu ana kitundu kimoja ubavuni mwa taya, pale mshipa wa mdomo unapotokea. Mwenzake ana viwili. Mwingine ana vitatu upande mmoja na kimoja upande wa pili, utadhani fundi alikuwa amelewa. Kuna aliyeongezewa jino huko nyuma na kuna aliyenyimwa. Madume, ile kona ya taya chini ya sikio imetoka nje kama ukingo wa sahani. Kuna jike mmoja mzee, meno yake yalikuwa yamelala chini kabisa kama mawe ya kusagia, nikamheshimu, nikamwosha kwa mkono badala ya mswaki. Mara moja mama na mwanawe waliuawa na waya mmoja. Nikasema leo nitaona taya kubwa na dogo lake. Kidevu cha yule mtoto kilikuwa cha ukoo mwingine kabisa. Nikamwambia Daktari huyu mama alikuwa na siri. Alicheka mpaka akavua miwani. Akasema hakuna siri, ndivyo wanavyozaliwa, na ndiyo sababu anataka mengi, kwa sababu mtu mwenye taya moja hajui kitu.

Mwanzoni nilimharibia kazi, na hapa ndipo nataka ushike, Bhoke. Nilikuwa naweka taya mezani likinitazama, halafu namsomea: hili jino limevunjika kulia, hiki kitundu kiko kushoto. Naye anaandika. Siku moja akaliinua moja mwenyewe, akalilinganisha na daftari. Kila nilichomsomea kilikuwa kimegeuka kama kwenye kioo. Nilikuwa nasema kulia kwangu mimi. Hakunigombeza. Aliniketisha, akashika lile taya akaliweka chini ya kidevu changu kama ndevu za beberu, akasema, "Mzee Ochieng', upande ni wa mwenye taya. Si wa anayemtazama."

Basi. Nimezunguka vya kutosha, nimekuchekesha kidogo kama nimeweza. Sasa weka chini hicho unachochambua.

Mwezi uliopita tingatinga lilikuwa linachimba msingi wa fleti kule Kinoo, juu kidogo ya pale mumeo Odhiambo alipokuwa amepanga chumba kabla hajapotea. Lilitoa taya la mtu. Taya la chini peke yake. Kama kulikuwa na mengine yalishakwenda na udongo, na udongo ulishabebwa na malori, na kila dereva ukimuuliza alimwaga wapi anakutajia bonde lake. Soja wa pale ananifahamu. Ni mmoja wa wale niliowapitia na picha ya ndugu yangu mwaka juzi, zile wiki tulizokuwa tunatafuta, wakati chumba kilikuwa na viatu vyake vya kazi mlangoni na maharagwe yameloa kwenye sufuria mpaka yakaota. Akanipigia. Hakusema jamaa yako. Alisema, "Mzee, kuja, lakini usije peke yako."

Daktari alinipeleka na gari lake. Polisi walikuwa wamelipeleka mochari. Mhudumu wa pale ni kijana mnene, mpole, amevaa gambuti, akalitoa kwenye mfuko akaliweka mezani juu ya kitambaa. Akanionyesha kwa kidole bila kuligusa. Meno sita ya mbele hayapo, na mfupa umejifunga vizuri, mahali palepale waliponing'oa mimi. Akasema, "Huyu aling'olewa utotoni, mzee. Ni Mjaluo wa zamani. Ni ndugu yako huyu, pole sana."

Nikafungua mdomo wangu nikamwonyesha.

"Na huyu je?" nikamwambia. "Kama alama ni hiyo, kijana, basi nimelala hapo na nimesimama hapa."

Hakucheka. Hata mimi sikucheka, shemeji, nilisema tu kwa sababu mdomo wangu haujui kukaa. Sisi tuling'olewa siku moja, mimi na Odhiambo na watoto wa kijiji kizima, mng'oaji akiwa yule mzee mwenye chuma, na tulikuwa karibu wa mwisho kabla watu hawajaiacha hiyo desturi. Waling'oa ili tujulikane sisi ni nani popote tutakapofia. Ona sasa. Tunajulikana sisi ni akina nani, lakini haijulikani ni yupi.

Serikali ilishakata kipande ikapeleka maabara yao kupima ukoo. Mfupa haukutoa kitu. Wanasema ule udongo ni mkali na unatuamisha maji, umekula kila kinachosomeka. Kwa hivyo hata damu yangu hawakuitaka, walisema hakuna cha kuilinganisha nacho.

Daktari ndiye aliyelishika. Alilishika kama yai. Aligeuza, akapeleka dirishani, akapitisha kidole chini ya mfupa kama mtu anayetafuta mshono. Akasema hapa palivunjika zamani sana, huyu mtu akiwa kijana, pakaunga vibaya, pamebaki na nundu. Akasema magego ya upande mmoja yamesagika yameisha, na ya upande wa pili yako karibu mapya. Alishaona tumbili wa hivyo, tena mimi ndiye nilimwoshea: wakivunjika upande huu wanatafunia ule mwingine, maisha yao yote.

Mimi nikashika ukingo wa meza. Wewe unajua ni kwa nini. Unaijua hadithi ya plau, amekusimulia kila mwaka akiongeza chumvi. Kabla hujaolewa tulikuwa tunalima kwa ng'ombe, mimi mbele nawaongoza, yeye nyuma ameshika. Plau likagonga jiwe, mpini wake ukaruka juu ukampiga tayani. Alikunywa uji kwa mrija wa mpapai mpaka mavuno. Na baada ya hapo alitafunia upande mmoja.

Nikamuuliza Daktari, basi ni yeye? Nilimuuliza kama mtoto. Alirudisha taya juu ya kitambaa, akavua glavu.

"Mzee, tumbili ninao kabati nzima wa kulinganisha," akasema. "Huyu ninaye mmoja. Kuna wanaume wengi waliovunjika taya. Mimi naweza kukwambia upande. Ni nyinyi mliokula naye."

Upande gani, Bhoke? Alitafunia upande gani?

Sijui. Hilo ndilo linanimaliza. Nimekula na Odhiambo tangu tukila sahani moja tukipigana vidole. Kila Jumapili nilikuwa napanda Kinoo, tunapika githeri, tunakaa kwenye zile ndoo za rangi, tunatukana wanasiasa. Nakumbuka alivyokuwa anapuliza mluzi kwenye pengo kuita mtu wa chai. Nakumbuka Jumapili ya mwisho aliniambia nimezeeka vibaya kuliko yeye. Nakumbuka maparachichi yalikuwa hayajaiva, akala hivyohivyo kwa ubishi. Shavu lilikuwa linafura, naliona, linapanda na kushuka. Nikijaribu kuona ni lipi, linakuwa yote mawili. Uniulize kima aliyekufa kwenye geti la kijani alikuwa na jino gani bovu, nitakujibu kabla hujamaliza. Ndugu yangu mwenyewe, hapana. Nilimwosha kila mmoja ila huyo.

Nimejaribu kurudi kwenye plau. Namwona amekaa kwenye mtaro, ameshika uso, damu inapita kwenye vidole. Lakini mimi nilikuwa mbele nimemgeukia. Ananitazama. Mkono alioshikia uko upande wangu wa kulia, kwa hivyo ni kushoto kwake. Halafu usiku nalala, asubuhi namwona tena, na mkono umehama. Mwisho sijui kama nakumbuka uso au nakumbuka kule kukumbuka. Otieno mwanao nilimpigia, nikamuuliza kijanjajanja, eti baba yako alikuwa anatafunia upande gani. Akasema, "Baba mkubwa, si alikuwa anatafuna tu kama watu?" Sikumlaumu. Nani hukaa kumtazama baba yake akitafuna?

Najua huko kumechacha. Najua Mzee Omolo na wenzake wameshachagua tunda la yago, lile refu linaloning'inia juu ya mti kama gogo, wanataka kulivisha shuka na kulizika mahali pa Odhiambo ili mambo yafungwe na Otieno aweze kujenga, maana kwetu mwana hajengi baba akiwa hajalazwa. Si wabaya, hiyo ndiyo njia yetu mtu akipotea bila mwili, hata babu yetu aliyemezwa na vita ya wazungu amelala kwetu hivyo, ni tunda. Na najua ulisimama mbele yao wote, mgeni wa ukoo, ukasema huwezi kulilia tunda. Niliposimuliwa nilicheka sana. Baadaye nilikaa kwenye kitanda changu hapa nyuma kwa Daktari na sikuwa nacheka.

Sasa mochari wanasema asipotokea wa kulichukua, taya litakwenda na wale wasio na watu, kwenye shimo moja, kabla ya mvua. Kwa hivyo tuna hili taya au tuna tunda, na hatuna muda.

Sikufichi, juzi nilishika simu nimwambie Omolo ni yeye, tumempata, chimbeni. Nani angenipinga? Mimi ndiye mkubwa wake. Mngetengeneza jeneza la kutosha jozi ya viatu, na wazee wangebishana asubuhi nzima kichwa kielekee wapi, na kichwa chenyewe hakipo. Otieno angejenga. Wewe ungepata pa kupalilia. Nikafika kwenye namba ya mwisho nikaiweka simu chini. Kwa sababu kama si wetu, ni wa mtu. Kuna mwanamke mahali fulani, Siaya au Homa Bay sijui, mwenye mume wa pengo kama letu, naye ameambiwa achague tunda. Tungemchukulia wake tukamfungia kwetu, na wako angekuwa bado yuko chini ya nyumba ya mtu, Kinoo au kwingine, anajengewa juu.

Wala nisikudanganye kwamba jibu lako litamaliza kila kitu. Pande ni mbili tu, hata mtu asiyemjua anaweza kubahatisha. Daktari ameniambia hivyo bila kuficha, na mimi nakwambia. Ila ndilo tulilobakiwa nalo, mimi na wewe. Ukitaja upande wa hili taya, nitalichukua na kulileta, na nitakaa nalo magotini njia yote. Ukitaja ule mwingine, nitaliacha pale mezani na nitakupigia, na utasema mwenyewe kama tunda lizikwe au lisizikwe, nami nitasimama nyuma yako hata Omolo akinila mzima. Ukiniuliza naomba jibu gani, sijui. Kila ninapopiga magoti naanza ombi, nikifika hapo kati nanyamaza.

Nisalimie Otieno, mwambie simenti ikae kavu. Msalimie Mzee Omolo, mkubwa wetu, mwambie namheshimu ingawa sikio lake ni kubwa kuliko shamba lake. Msalimie mama Apiyo jirani yako, aliyemfunga Odhiambo taya kwa kitambaa siku ile ya plau. Ningemwandikia yeye, lakini wanasema siku hizi hata jina lake analiuliza. Wasalimie wajukuu wa boma, na jogoo pia kama yupo.

Sasa nisikilize. Sitakwambia hili taya limesagika upande gani. Nikikwambia utalikumbuka hivyo, kwa kuwa unamtaka nyumbani, au utalikumbuka kinyume kwa kuwa bado unamngoja. Nakujua. Usimuulize mtu. Chukua kile kigoda chake, kiweke pale alipokuwa anakaa akila, kisha ukikalie wewe, uso mlangoni kama yeye. Usimfikirie akikutazama, utageuza kama nilivyogeuza mimi. Tia kipande cha ugali wako mdomoni, wenyewe ule mgumu, utafune kama alivyokuwa anatafuna, na mkono uache uende wenyewe kwenye shavu.

Shavu utakalogusa, niandikie.

Ni mimi shemeji yako, pengo lililobaki,
Ochieng'